Re: GPS inazima njiani, nifanyeje?

Mkuu, umesema GPS yako (kile kifaa cha kuonyesha njia kwenye gari) inakata chaji ukishaingia barabara za shamba na unauliza kama betri imekufa. Mi naona usikimbilie betri kwanza, angalia ile plagi inayoingia kwenye soketi ya sigara, barabara ikiwa na makorongo inatikisika inatoka kidogo kidogo, pale kwenye ncha kuna kipini kina springi, kikiwa na kutu au vumbi umeme unakatika hata kama plagi inaonekana imekaa vizuri, kisafishe kwa kitambaa kikavu uone.

Halafu chaja ya USB nayo icheki, nyingine za bei chee zinatoa nusu ampea tu (ampea ni kipimo cha wingi wa umeme unaopita) na GPS ikiwa imewasha skrini mwanga wote inakula zaidi ya hapo, kwa hiyo inashuka chaji huku imechomekwa! Tafuta ya volti 5 inayotoa ampea 1 kwenda juu, na beba pawabenki ya akiba.

Kuhusu mtandao usiwe na shaka, GPS inasoma setelaiti haihitaji minara ya simu, ila ramani lazima uwe umeshaipakua kabla hujatoka. Ukiiwasha tulia dakika mbili tatu mahali pa wazi ishike setelaiti angalau 4 ndo uondoke.

Na tafadhali sana kwenye mipangilio zima barabara za vumbi kama gari yako tumbo liko chini karibu na ardhi, ukiacha imechagua "njia fupi" itakupitisha mtoni kweli.