Volti 12 zipo kwenye soketi, mbona taa inafifia?

Mkuu, umesema ukichomoa balbu ya taa ya mbele ukapima kwenye soketi unapata volti 12.5, ukiirudisha inawaka hafifu kama kibatari, na balbu mbili umeshabadilisha. Usinunue ya tatu. Nilihangaika hivyo hivyo na pikapu ya mjomba, nikabadili hadi swichi.

Fundi mmoja wa umeme wa magari ndiye aliyenifungua macho: rudisha balbu, washa taa, ndipo upime. Volti hupimwa kati ya sehemu mbili, kwa hiyo kabla hujasoma mita jiulize ncha nyeusi umeigusisha wapi.

Nikapima injini ikiwa imezimwa, taa inawaka. Betri 12.5. Toka chanya ya betri hadi chanya ya balbu, 0.3. Kwenye balbu yenyewe, 7.8 tu! Toka hasi ya balbu hadi hasi ya betri, nilikotarajia karibu sifuri, nikakuta 4.4. Jumlisha hizo tatu: 12.5. Mwanafizikia Kirchhoff aliieleza kanuni hiyo mwaka 1845: volti za betri hugawanywa zote njiani, kila kinachopitisha mkondo kinachukua fungu lake.

Sasa mbona bila balbu zilionekana zote? Hapa ndipo wengi tunapopotea. Fungu la kila kiungo ni mkondo (umeme unaopita) mara ukinzani wake, yaani jinsi kinavyouzuia. Ukichomoa balbu, mkondo unakatika, na kutu iliyo kwenye kiungo haiwezi kula volti bila mkondo. Mita inavuta mkondo kidogo mno, haiwezi kuiumbua kutu hiyo. Swichi nayo ni hivyo hivyo: ikiwa imezimwa, pima pande zake mbili utakuta volti zote za betri ziko hapo, ukiiwasha zinahamia kwenye balbu.

Mwizi wangu alikuwa bolti ya ethi nyuma ya taa, ile inayofunga waya wa hasi kwenye bodi ya gari. Juu inang'aa, chini ya washa (kile kipete cha bati cha bolti) kutu tupu, na nilipoigusa ilikuwa ya moto. Si ajabu: mkondo wa taa, ampea 3.6, mara volti 4.4 ni karibu wati 16 zinazoishia kwenye bolti. Nilipiga msasa hadi bati likawa jeupe, nikakaza, nikapima upya: ethi 0.1, balbu 11.8.

Wewe anza huko huko. Taa ikiwa imewaka, ukipata zaidi ya nusu volti kati ya hasi ya balbu na hasi ya betri, fungua ethi. Ukikuta upande huo uko safi, hamia upande wa chanya, upime kiungo kimoja kimoja: fyuzi, rilei (swichi inayowashwa kwa umeme), swichi. Weka majibu hapa tuyaangalie.