Mbudya au Bongoyo na watoto: chagua siku kwa kuangalia maji

Dada, nimesoma swali lako na majibu yaliyotangulia. Una watoto watatu, mmoja ana miaka kumi na moja, wa mwisho ana miaka minne, na mama mkwe anakuja kutoka Dodoma likizo hii ya Desemba na hajawahi kuiona bahari. Unataka siku moja tu, kwenda asubuhi na kurudi jioni, na unauliza uende visiwa vya hapa Dar, Mbudya au Bongoyo, au muishie ufukwe wa Coco Beach mjini. Wengi wamekujibu kwa kulinganisha bei za boti. Mimi nimekulia Kunduchi kwenye nyumba ya wavuvi, na wanangu nimeanza kuwapeleka Mbudya wangali wa kubebwa. Jibu langu ni Mbudya. Ila kabla hujauliza bei ya boti, jua kwanza siku hiyo maji yanajaa saa ngapi.

Hili watu wa bara hawaambiwi, na ndilo linaloamua kama familia itafurahi au itarudi imenuna. Bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita tatu. Kwa hapa Dar, siku za bamvua bahari hupwa sana kama saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni. Sasa jione umefika ufukweni Kunduchi saa nne hiyohiyo na watoto, kikapu, deli la maji ya kunywa na bibi. Boti imesimama mbali, na kati yenu kuna matope na majani ya bahari ya kuteleza. Jioni mnapotaka kuondoka kisiwani, maji yamepanda hadi karibu na miti, ufukwe umebaki ukanda mwembamba, na upepo wa mchana umeshaamsha mawimbi.

Mwezi ukifika nusu yanakuja maji mafu, hayajai sana wala hayapwi sana. Siku mbili tatu baada ya hapo, maji hujaa karibu na adhuhuri. Hizo ndizo siku ninazozitafuta nikiwa na watoto. Asubuhi mnaondoka maji yanapanda, boti inasogea karibu na mchanga. Watoto wanaoga kuanzia saa nne hadi saa nane wakiwa na maji ya kutosha. Saa tisa mnarudi, maji yameanza kupungua lakini nahodha bado anafika mahali pazuri pa kushusha mtu mzima. Kumbuka pia kwamba kila siku maji huchelewa kwa takriban dakika 50, kwa hiyo ukihamisha safari kutoka Jumanne kwenda Ijumaa, umebadilisha saa zote.

Jedwali la maji la bandari ya Dar es Salaam lipo bure kwenye intaneti. Au mpigie nahodha umuulize, "Jumatano maji yanajaa saa ngapi?" Anayekujibu papo hapo bila kubabaika, huyo safiri naye.

Na upepo je? Desemba kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, inakuwa imeshaanza. Si upepo mbaya, asubuhi bahari huwa shwari na mchana ndipo huchafuka kidogo, na ufukwe wa Mbudya unatazama bara kwa hiyo kisiwa chenyewe kinawakinga. Ungeniuliza Julai, kusi, upepo wa kutoka kusini, inavuma, ningekuambia usubiri.

Kwa nini Mbudya na si Bongoyo? Vyote viwili, pamoja na Pangavini na Fungu Yasini, ni maeneo tengefu ya bahari, yaani hifadhi, tangu 1975, na vyote vina mchanga mzuri. Tofauti iko kwenye safari. Mbudya mnapandia upande wa Kunduchi, ni kama robo saa au dakika 20. Bongoyo mnapandia Slipway, Msasani, na ni kama nusu saa. Kwako wewe hiyo nusu saa ni kubwa. Mtu mzima anayepanda boti kwa mara ya kwanza, dakika kumi za mwanzo anashangaa, kumi za pili anazoea, na zikiongezwa nyingine anaanza kusikia kichefuchefu. Bongoyo ningempendekezea mwenye vijana wakubwa, maana kuna njia ya kutembea porini kukatiza kisiwa, na anayeishi Masaki halazimiki kuvuka mji. Coco Beach ni pa jioni, pa mihogo na kupunga upepo. Kuna mawe na bahari iko wazi, kwa hiyo mtoto wa miaka minne simpi ruhusa ya kuogelea pale.

Mwenzetu mmoja hapo juu amekushauri upande boti ya Unguja asubuhi na kurudi jioni, watoto wakaone makobe wa kisiwa cha Changuu. Makobe wale ni wa kuonwa kweli, wa kwanza waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, na watoto wanawapenda sana. Lakini Dar hadi Unguja ni karibu saa mbili, halafu unapanda boti nyingine ya kwenda Changuu, halafu unarudia yote. Siku nzima inaishia kwenye viti. Hiyo iwekee akiba ya kulala siku mbili.

Sasa boti. Nahodha akikuonyesha rundo la laifujaketi usiridhike kwa kuziona. Chukua moja ya mtoto, mvalishe, funga vifungo vyote, kisha ishike mabegani uinyanyue. Ikipanda hadi masikioni na kidevu kikazama ndani, ni kubwa. Mtoto akitumbukia, jaketi itabaki juu na yeye atateleza chini. Kuna siku tulipewa za watu wazima tupu, tukaambiwa "ni hapo tu, tunafika sasa hivi." Nikashusha watoto tukakaa ufukweni mpaka ikapatikana boti yenye saizi zao. Wageni wangu walikasirika, na ningefanya hivyohivyo leo. Hapo usione haya, hata kama watu wote kwenye boti wanakuangalia.

Bibi mkalishe tezini, yaani nyuma ya boti, karibu na nahodha. Omo, yaani mbele, ndiko kunakoruka na kulowa. Asubuhi ale kitu chepesi, si chai ya maziwa na chapati tatu. Nilipompeleka mama mkwe wangu, mtu wa Singida, alikataa kukanyaga boti mpaka aone injini imewashwa na ikatulia. Akapanda, akashika kamba ya jaketi ya mjukuu wake na hakuiachia hadi ng'ambo. Kisiwani hakutaka kuoga. Tulimwekea kiti cha plastiki pale maji yanapokuja na kurudi, akajifunga kitenge, akakaa miguu ndani ya maji na wajukuu wakimletea mchanga mapajani. Alikaa pale hadi mchana, na kila wimbi lilipokuja aliwaambia watoto, "Hilo, hilo linakuja!" Kwa hiyo usimlazimishe bibi kuogelea. Mpe kiti, kivuli na wajukuu.

Mkishafika, cha kwanza ni banda la makuti. Wikiendi na sikukuu mabanda yanawahiwa, na tarehe 25 na 26 usijaribu kabisa. Nenda siku ya kazi, na saa mbili na nusu muwe mmeshapanda boti. Cha pili ni kuagiza chakula hapohapo, kabla ya kuvua nguo. Samaki anakaangwa au kuchomwa mzima na wateja ni wengi, ukiagiza njaa imeshafika watoto watalia. Omba kumwona samaki mbichi, changu au kolekole, mfunue mashavu. Yakiwa mekundu na jicho limejaa, mkubaliane bei na saa ya kula. Chipsi na kachumbari vipo. Maji ya kunywa njoo nayo mwenyewe ya kutosha, na ya ziada ya kusuuzia watoto chumvi. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, kwa hiyo beba vikapu, na takataka zenu rudini nazo mjini. Kiingilio cha hifadhi ni tofauti na nauli ya boti. Uliza mapema kama kimo ndani ya bei uliyotajiwa, na beba kitambulisho maana raia na mgeni hawalipi sawa.

Kuhusu kuangalia watoto majini, sisi nyumbani tuna utaratibu wa kofia. Mwenye kofia ndiye mwenye zamu. Hashiki simu, hageuzi samaki, haendi kuulizia soda. Anasimama majini magotini, upande wa kina, watoto wakiwa kati yake na mchanga. Akichoka anamkabidhi mwenzake kofia mkononi, na mpokeaji anataja kwa sauti majina ya watoto anaowaona. Watu wazima watano wakikaa ufukweni bila zamu, kila mmoja anadhani mwenzake anaangalia. Hapo ndipo ajali hutokea.

Watoto wavae fulana majini, jua la saa sita pale halina huruma hata kwa ngozi zetu. Miguuni wavae yeboyebo. Ukitoka kwenye mchanga na kusogea kwenye mawe, kuna wale viumbe weusi wa duara wenye miiba mirefu, ukimkanyaga mmoja siku yako imekwisha. Konyeza, yule kiumbe laini wa baharini anayewasha, akimgusa mtoto, msuuze kwa maji ya bahari na usimsugue.

Na tafadhali, hili naliomba kwa moyo wote: msichukue makombe, yale magamba matupu ya viumbe wa baharini. Ni kinyume cha sheria za hifadhi, lakini sababu watoto wanayoielewa ni nyingine. Kuna kaa mdogo asiye na gamba la kumtosha, anaishi kwa kuhamia kwenye kombe tupu, na akikua anatafuta kubwa zaidi. Mwonyeshe mwanao huyo kaa akitembea na nyumba yake mgongoni, nakuhakikishia kila kombe atalirudisha mwenyewe. Matumbawe ya pande zile yameteswa vya kutosha. Baruti za wavuvi ziliyavunja miaka mingi, na joto la bahari la 1998 liliua mengi pwani nzima ya Afrika Mashariki. Yanakua taratibu mno, hivyo wakubwa wakivaa miwani ya kuzamia wasisimame juu yake. Huyo wa miaka kumi na moja mkodishie miwani, aelee tu juu na mtu mzima pembeni. Samaki wa mistari atawaona bila kwenda mbali.

Saa ya kurudi mpange na nahodha kabla hajawaacha, na namba yake uwe nayo. Mwambie saa tisa kamili na umlipe nauli ya kurudi mkishafika Kunduchi. Anayedai yote asubuhi mtafutie mbadala, wapo wengi.

Ukipata tarehe mbili tatu zinazokufaa ziandike hapahapa chini. Nitakuangalizia maji ya kila moja nikuambie ipi uchukue na saa ngapi muwe ufukweni.