Ukienda Amboni, vaa raba na ubebe tochi

Mpwa wangu alinionyesha picha simuni: El Capitan, jabali la chokaa lililosimama wima jangwani Texas, kando ya Guadalupe Peak yenye urefu wa meta 2,667. "Mjomba, eti hapa palikuwa bahari, haya ni mabaki ya mwamba wa viumbe wa baharini!" Nikamwambia Jumamosi ajiandae, twende mapango ya Amboni akashike chokaa ya kwao. Ni kilometa 8 tu kutoka Tanga mjini, njia ya Horohoro, na mwamba wake ulijijenga chini ya bahari miaka milioni 150 hivi iliyopita.

Kwanza viatu. Safari yangu ya kwanza niliingia na kandambili. Ukitoka juani macho hayaoni kitu, na chini pana unyevu. Niliteleza, nikadaka ukuta, kiganja kikachanika. Chokaa ina makali, jamani. Vaeni raba.

Tochi ya simu haitoshi. Beba tochi yenyewe, na usimulike ukuta usoni. Ishike ubavuni, mwanga upite kando kando ya jiwe. Hapo ndipo kila mkunjo unajitokeza. Mpwa wangu alisimama muda mrefu chini ya jiwe linaloning'inia, ncha yake ina tone moja la maji, halidondoki. Nikamweleza: mvua ikipita hewani na udongoni inapata ukali kidogo, inayeyusha chokaa, kisha tone linaiacha hapo, chembe kwa chembe. Jiwe la namna hiyo likichomwa ndipo hupatikana chokaa kama ya kwenye kijaluba cha tambuu cha bibi yake. Kwa hiyo msiguse hizo ncha, nawaomba sana. Mafuta ya vidole yanazuia jiwe kuendelea kukua.

Maji mbebe. Chokaa huyameza yakapotelea chini; ndiyo maana wanaopanda Guadalupe hushauriwa kubeba kama lita 4 kila mtu, njiani hakuna pa kuchota. Amboni si mbali hivyo, ila joto la ndani linachosha.

Mapango yako 10, wageni huingia moja tu. Fuateni mwongozaji, watoto muwashike mkono. Mkikuta watu wanaomba kwenye mzimu, zimeni simu, mpite kimya. Kuna mahali mnainama hadi magoti. Mwenye mgongo mbovu abaki mlangoni, sauti za popo atazisikia hata hapo.