Faili la .bat lililonitua mzigo wa kila jioni

Msimu wa korosho ukifunguliwa Oktoba, sisi tunaotunza kompyuta za ofisi huku Mtwara hatutoki mapema. Mimi natunza kompyuta 6 za chama cha ushirika. Kila jioni nilizunguka na diski ya nje: chomeka, nakili, subiri, chomoa. Ijumaa moja nilichoka, nikaacha hadi kesho. Jumamosi asubuhi umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika tena, na kompyuta ya mapokezi haikuwaka. Makarani walikesha siku mbili wakichapa upya kutoka vitabu vya risiti, na wakulima wako nje wanasubiri kujua malipo yao. Iliniuma sana.

Ndipo nikajifunza faili la .bat. Hununui kitu. Unaandika amri kwenye Notepad, unahifadhi kwa jina linaloishia na .bat, ukilibofya mara mbili zinatekelezwa mstari kwa mstari. Amri ninayoitegemea ni robocopy, ya kunakili faili na folda, iliyomo ndani ya Windows tangu toleo la Vista. Unataja kwanza folda ya chanzo, kisha ya nakala:

robocopy "D:\Mapokezi" "E:\Nakala\Mapokezi" /E /R:2 /W:5

Hiyo /E hubeba na folda za ndani, hata zilizo tupu. /R (mara za kurudia) na /W (sekunde za kungoja) usikose kuziweka. Usipozitaja, robocopy ikikwama kwenye faili lililoshikiliwa na programu nyingine hurudia mara 1,000,000, kila mara ikingoja sekunde 30. Utaikuta asubuhi iko palepale.

Kuna watakaokushauri uweke /MIR badala ya /E. Hiyo hufanya nakala ifanane na chanzo, maana yake kilichofutwa kwenye chanzo hufutwa na kwenye nakala. Mimi niliiweka. Karani akahamishia faili zake folda nyingine, folda ya zamani ikabaki tupu, na jioni ile ile nakala yangu nayo ikawa tupu. Diski ya pili niliyokuwa nimeiacha nyumbani ndiyo iliyoniokoa. Tangu hapo amri yoyote mpya naiendesha kwanza na /L mwishoni: huorodhesha itakachofanya bila kugusa faili hata moja. Isome orodha hiyo yote, hata kama una haraka.

Tena, herufi ya diski hubadilika. Mtu akitangulia kuchomeka flashi yake, E inaweza kuwa yake, na kumbukumbu za wakulima zikaondoka mfukoni mwake. Kwa hiyo juu ya robocopy naweka:

if not exist "E:\Nakala" (echo Diski ya nakala haipo & pause & exit)

Folda ya Nakala naiunda kwa mkono mara moja tu, kwenye diski yangu.

Faili likishakaa sawa, lipangie muda kwenye Task Scheduler, programu ya Windows inayoendesha kazi yenyewe kwa saa uliyoipanga. Mimi nimeweka saa 10 jioni, kabla watu hawajazima kompyuta na kuwahi daladala. Na kila Ijumaa nafungua faili moja kutoka kwenye nakala, nahakikisha linasomeka, ndipo naondoka.