Jibu: Mbona wanarudi ncha ya kusini ya Mwezi?
Habari mwalimu. Nimekuelewa: wanafunzi wako wanauliza mbona safari mpya za Mwezini zinalenga ncha ya kusini, ilhali zile za Apollo, za Wamarekani wa kwanza kutua huko, zilitua si mbali na ikweta, nawe umekwama.

Anza na jua, kabla hata ya roketi. Klabu yetu hapa Buruburu huzima taa, tunaweka sufuria tupu mezani na kuimulika kwa tochi kutoka pembeni, chini kabisa. Ukingo unang'aa, ndani giza totoro. Kwenye ncha jua huonekana chini kabisa vivyo hivyo, na ndivyo zilivyo kreta (mashimo makubwa) za huko: baadhi hazijaona jua kwa muda mrefu ajabu, na barafu imebaki humo. Mwaka 2009 Marekani iligongesha kipande cha roketi ndani ya kreta ya Cabeus, na vumbi lililoruka likaonyesha maji. Maji hayo yanaweza kunywewa, au kugeuzwa oksijeni na mafuta ya roketi. Ndiyo maana mpango wa Artemis, wa Marekani wa kurudisha watu Mwezini, unalenga huko, na China na Urusi vilevile.

Kisha watoe nje mwezi mpevu unapochomoza. Kwetu Nairobi, kusini mwa Mwezi huwa ukingo wa kulia, upande wa lile doa jeupe la kreta ya Tycho. Wakiuliza kuhusu Afrika, waambie Nigeria na Rwanda zilitia saini Mapatano ya Artemis, yaani kanuni za kuchunguza anga kwa amani, Desemba 2022.