Sahibu yangu kacheka, lakini si kwangu mie

Wiki iliyopita kijana mmoja kaniandikia ujumbe. Anatunga nyimbo za kuchekesha, wenzake wanamwambia ni nzuri, lakini akiziimba harusini watu wanaendelea na biriani lao. Afanyeje? Nilitaka nimjibu kwa mistari miwili tu. Bahati mbaya ujumbe wake umenikuta na kidonda kibichi, basi nakujibuni nyote, maana najua nyote mnaosoma hapa mna nyimbo mmezificha kwenye simu.

Jibu langu: nenda kawasikilize wengine, na uende na rafiki asiyekuonea haya.

Wangu mie ni seremala wa Jang'ombe, hapa Unguja. Tunajuana toka chuo cha Kurani, tukichapwa bakora moja. Hata sanduku la uzi mmoja ninalopiga kwenye nyimbo zangu za kuchekesha kalitengeneza yeye. Kanisikiliza miaka minane na hajacheka hata siku moja. Nikimaliza hufuta mikono kwenye suruali, akasema, "Umejitahidi." Na mie si mtu wa kubezwa hivyo. Nimeitwa harusini Wete, Pemba, mara mbili, nauli ya boti nikalipiwa, kwenda na kurudi.

Jumamosi nikamwambia, yakhe, usiku kuna kidumbak Ngome Kongwe, na waimbaji wenyewe wana vituko. Kiingilio nitakulipia. (Hilo la kiingilio nalitaja kwa sababu yeye halitaji.) Tukaanzia Forodhani, tukala urojo tumesimama, yeye akajimiminia pilipili mpaka muuzaji akamtazama mara mbili, kisha tukavuka barabara tukaingia.

Kwa nyinyi wa bara: kidumbak si taarabu ile ya kukaa kitako na suti, kama ya kikundi cha Ikhwan Safaa, walioanza tangu 1905. Hii ni ndugu yake mtukutu. Kuna vigoma viwili vidogo, fidla, cherewa za kutikisa, mkwasa wa vijiti vya kugonganisha, na sanduku la mbao lenye uzi mmoja uliofungwa kwenye fimbo. Ukiivuta fimbo, sauti inapanda, ukiilegeza inashuka. Mwendo wake wa haraka, maneno yake hayana adabu sana, na anayecheza hachezi kwa mabega.

Nimekwenda kama fundi, nataka kuona wenzangu wanakosea wapi. Nusu saa ya kwanza nilikuwa nahesabu makosa. Fidla ilikuwa juu kidogo. Mpiga cherewa alikuwa akitazama simu yake. Nikamnong'oneza sahibu yangu, naye akasema "Mm."

Halafu akatoka mzee mmoja mwembamba, kanzu imemfika kwenye mashavu ya miguu, kofia imelala upande. Akaimba kwa sauti ya mtu anayetoa pole msibani:

Mkwe kaja siku tatu, kaja na godoro lake…

Akanyamaza. Vigoma vikanyamaza. Mpiga sanduku akavuta uzi mara moja, duuum, akauacha ufe wenyewe. Mzee akageuka taratibu, akamtazama bwana mmoja wa safu ya mbele, akamtazama kwa huruma, kama anayemjua huyo mkwe. Hapo uwanja mzima umeshaanza kuchemka, na yeye bado hajatia neno. Ndipo akamalizia:

Sasa yapata ya tatu, miezi, si siku zake!

Nikageuka kumtazama sahibu yangu. Alikuwa ameinama, kichwa kimegusa magoti. Nilidhani pilipili imempanda. Alipoinuka alikuwa analia. Akanishika bega, akataka kusema kitu, akashindwa, akainama tena.

Miaka minane!

Nilicheka na mie, kwa mdomo. Nyimbo zilizofuata sizikumbuki.

Njiani kuelekea Darajani kupanda daladala nikamuuliza, kwa utaratibu kabisa, yule mzee ana nini ambacho mie sina. Akafikiri mpaka tukafika kwenye taa za sokoni. Akasema: "Wewe unacheka kabla yetu. Ukikaribia penye kichekesho uso wako unatangulia. Halafu tusipocheka unatueleza."

Sikumjibu. Nilikumbuka Wete. Nilikuwa na wimbo wa mvuvi aliyemficha pweza kitandani asimgawie jirani. Ubeti ulipoisha pakawa kimya, na mie nikasimamisha ngoma nikawaeleza bi harusi na shangazi zake kwamba yule pweza alikuwa hajafa. Niliwaeleza mara mbili. Shangazi mmoja akasema, "Tumefahamu, mwanangu, endelea."

Basi kijana wangu, na nyinyi wengine wenye ndoto hii yetu, nisikilizeni. Usicheke kwanza. Usieleze. Ukishatega, nyamaza, mwachie sanduku aseme, watu wajichekee wenyewe. Na rafiki anayekwambia "umejitahidi" usimsikilize. Msubiri siku akuvunje moyo, hiyo ndiyo siku aliyokupenda. Nasema tena, usicheke kwanza. Vijana wa sasa mnataka kushangiliwa kabla ya kunyamaza, mnajirekodi mkicheka peke yenu, mnarusha mtandaoni, kisha mnalalamika watu wa Unguja wagumu. Watu wa Unguja si wagumu. Nimewaona Jumamosi kwa macho yangu wakijifuta machozi kwa mitandio, na mmoja wao alikuwa anadaiwa na mie hela ya kiingilio, ingawa nilisema nitamlipia.

Tangu siku ile nafanya mazoezi mbele ya kioo, uso mkavu kama wa karani wa ardhi. Mke wangu kaniuliza kama naumwa.

Jana sahibu yangu kapita nyumbani kukaza mguu wa meza. Alikuwa akipiga nyundo huku akiimba ule wa mkwe. Sauti hana, na pale penye godoro anawahi.