Mwanza bila makelele, nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo dada. Natokea Tanga, nakuja Mwanza kwenye harusi ya binamu yangu na nitabaki siku tatu peke yangu. Kila nikiuliza naambiwa nenda Jiwe la Bismarck upige picha, halafu ule sato hotelini, basi. Mi nataka niuone mji wenyewe, watu wake, na sehemu nikae nitulie. – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mdogo wangu, karibu sana kwetu. Kabla hujakata tiketi ya basi angalia mwezi, yaani ule wa angani. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza, wavuvi wanawasha taa na dagaa wanafuata mwanga, sasa mbalamwezi ikiwaka taa haina kazi na wengi wanapumzika, kwa hiyo ukija kipindi cha giza ndo utauona mji unavyokula.

Asubuhi ya kwanza wahi mwaloni Kirumba, soko la samaki na dagaa lililopo ufukweni, mapema kabisa. Mi huwa nakaa pembeni namwangalia mama mmoja anapima dagaa kwa sado, anajaza mpaka juu, anatingisha, anajaza tena, halafu anaongeza konzi moja ya mkono bila kuombwa. Wabebaji wanapita na magunia mgongoni, wapishe njia. Salimia "mwangaluka", salamu ya asubuhi ya Kisukuma, uone watu watakavyokufungukia, na usipige picha ya mtu kabla hujamwomba, wale wako kazini.

Jiwe usiliache, ila jioni ndo kila mtu yupo. Nenda saa kumi na mbili asubuhi, ziwa limetulia, unabaki wewe na ndege. Ukirudi mjini pita Makoroboi, jina limetokana na mafundi waliokuwa wanatengeneza koroboi kwa makopo na mabati chakavu, ni mtaa wa kutembea kwa miguu taratibu. Kisiwa cha Saanane nacho kipo karibu, boti muda mfupi tu, kimekuwa hifadhi ya taifa tangu 2013, ila nenda siku ya kazi maana wikiendi kinajaa.

Siku ya pili panda daladala ya Kisesa halafu boda mpaka Bujora, makumbusho ya Wasukuma, aliyeyaanzisha ni Padri David Clement. Usikimbie, omba mwenyeji akueleze ngoma za watemi na habari za Bagika na Bagalu, vile vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana mpaka leo. Ukibahatika kuja mwezi wa 6 wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma, utawaona wanacheza na nyoka, ila hapo utulivu usahau.

Siku ya mwisho nenda Kageye, kijiji cha ufukweni mwa ziwa, na hapa ndo moyo wangu ulipo. Henry Morton Stanley, yule mzungu mvumbuzi, alifika hapo Februari 1875 baada ya kutembea kutoka Bagamoyo, boti yake Lady Alice ilibebwa vipande vipande mabegani mwa wapagazi, ikaungwa hapo hapo ufukweni akaenda kulizunguka ziwa. Mwenzake Frederick Barker alifia hapo. Kila mtu anamtaja Stanley lakini waliobeba ile boti wengi walikuwa watu wa pwani, wa huko huko kwenu mdogo wangu, na wapo waliozikwa njiani bila hata jiwe la alama. Kaa kivulini usikilize maji. Beba chakula na maji ya kunywa, na mwambie dereva wa boda akusubiri, kurudi jioni usafiri unasumbua.